Mlango Uliomjua Mkubwa Mmoja

Haya, sogeeni. Ila mkija kuulizwa nani kawasimulia, semeni mmeota. Ndoto haijapigwa marufuku bado.

Ipo nchi inaitwa Heriyetu. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani wameichora wenyewe, na wamejichora wao tu. Ni nchi yenye bahati kupita kiasi: hakuna kitu kinachoharibika. Vitu huzima, hutoa moshi, hulipuka kidogo, lakini kuharibika, hapana. Na aliyekuwa na kazi ya kuhakikisha hakiharibiki kitu alikuwa mwanamke mmoja, Bi Zuwena Chambuso, Msemaji Mkuu wa Kampuni ya Angavu.

Angavu ndiyo iliyotengeneza simu ya Kipepeo. Na tuseme kweli jamani, Kipepeo ilikuwa simu! Ikitumbukia kisimani unaivua, unaipangusa kwa ncha ya kanga, unaendelea na umbea wako palepale ulipoukatiza. Chaji ilikaa mpaka mtu unasahau chaja umeiweka wapi. Nchi nzima ikanunua, majirani wakanunua, Angavu ikatajirika kuliko serikali. Serikali nayo, kwa busara zake, ikahamia kwenye jengo la Angavu ili kupunguza safari.

Toka hapo ikaaminika kwamba mkono uliotengeneza Kipepeo hauwezi kukosea. Mkono ukaanza kukosea kwa raha zake.

Likaja birika linalozungumza. Lilizungumza vizuri, lilikusabahi, lilikupa hali ya hewa, lilikuuliza watoto wameamkaje. Maji halikuchemsha. Bi Zuwena akatokea kwenye televisheni, kilemba kimekaa sawasawa, akasema kwa sauti yake ile laini: "Ndugu wananchi, hili ni birika la mazungumzo. Anayetaka maji ya moto si ana jiko nyumbani kwake?" Watu wakatazamana. Kumbe walikuwa wanalionea birika la watu!

Ukaja mwavuli unaojikunjua wenyewe. Kwenye jua ulikunjuka, mvua ikidondoka tu unajikunja. Bi Zuwena akaeleza kwamba mwavuli ule una hisia, na wenye hisia hawapendi kulowa. Likaja friji ambalo mafundi walilitengeneza kwa kufuata utaratibu wa vikao: halifunguki mpaka familia nzima isimame mbele yake, itimie akidi. Samaki wakaoza humo ndani wakimsubiri baba arudi safari. Bi Zuwena akasema friji limerudisha umoja wa familia, na waziri akatoa nishani. Walilivisha friji.

Neno "mbovu" likaondolewa katika mazungumzo ya ofisini. Baadaye likaondolewa "tatizo", kisha "changamoto", maana nayo ilianza kuzoeleka na watu wakaelewa maana yake. Mwishowe chombo kikigoma ilisemwa kinatafakari. Na kila kilipotafakari chombo, aliyekibuni alipandishwa cheo ili asikae tena karibu na vyombo. Ndiyo maana ghorofa ya juu kabisa ya Angavu ilijaa wabunifu, na karakana ya chini alibaki paka.

Mtauliza, mwenyewe aliamini? Thubutu! Nyumbani kwake Bi Zuwena alichemsha chai kwa birika la bati kwenye jiko la mkaa. "Maneno mazuri hayajamuua mtu," alimwambia binti yake, Saumu. "Watu wanataka kupoozwa roho, mimi nawapooza."

"Mama," Saumu alimjibu siku moja, "wewe siku moja utanipooza na mimi."

Bi Zuwena alicheka. Lakini lile neno lilimkaa.

*

Sasa njooni kwenye mlango.

Angavu ilitangaza Mlango Mwerevu. Hauna ufunguo, hauna kitasa, hauna komeo. Una jicho, kwa upande wa nje. Mwenye nyumba anausogelea, jicho linamtambua, mlango unafunguka wenyewe na kusema, "Karibu nyumbani, mwenye nyumba." Ukishaingia, unajifunga nyuma yako. Na ukiwa ndani ukataka kutoka, unauambia, nao unamwuliza kwanza mwenye nyumba.

Ulipotengenezwa wa kwanza, ikabidi ujaribiwe. Heriyetu hakijaribiwi kitu na mdogo kabla ya mkubwa, kama ambavyo kwenye karamu huwezi kutia mkono kwenye sinia mgeni rasmi hajanawa. Akaitwa Mheshimiwa Daktari Shomvi Kitogo, Mkurugenzi Mkuu wa Angavu, mtu wa kitambi cha heshima na miwani ya dhahabu. Akausogelea mlango. Mlango ukamtazama, ukafunguka. Makofi! Watu walipiga makofi mpaka wengine wakasahau kwa nini wanapiga.

Kilichobaki ni kuufuta uso ule kwenye kumbukumbu ya mlango, ili kila mlango uje ujifunze uso wa mwenye nyumba yake. Hapo sasa ikawa kazi. Nani amfute Mheshimiwa? Fundi mkuu akamwambia msaidizi. Msaidizi akamwambia karani. Karani akamwambia mlinzi, na mlinzi akasema yeye kaajiriwa kulinda geti, si kufuta wakubwa. Wakauacha. Na milango yote ya nchi ikanakiliwa kutoka kwa ule.

Amri ikapita, milango ya zamani ikang'olewa, mipya ikafungwa. Jioni yake taifa zima likawa limesimama nje na vikapu mikononi.

"Samahani, mgeni," milango ikasema, mtaa mzima kwa pamoja. "Mwenye nyumba hayupo."

Basi ndiyo yakaanza maisha. Alfajiri msafara wa Mheshimiwa unapita na ving'ora, anashuka kwenye gari, anauonyesha uso wake kwenye mlango, mlango unamwambia karibu nyumbani, mwenye nyumba halisi anachungulia chini ya kwapa lake na kupita. Halafu nyumba ya pili. Magazeti yakaandika kwamba haijapata kutokea duniani kiongozi anayewafikia wananchi hadi vyumbani. Waliokosa zamu wakazoea madirisha. Mgeni akija anabisha hodi dirishani, anakaribishwa, anapanda. Wenye akili waliubana mlango wao kwa jiwe usijifunge, wakalilinda jiwe usiku na mchana.

Bi Zuwena akatoa tamko lake maarufu, lile ambalo watoto walilikariri shuleni. "Mlango haujakwama," alisema. "Mlango unatafakari ni nani anastahili kuingia. Na kwa kuwa hauna kosa lolote, ni marufuku kwa raia au kikosi chochote kuuvunja, mpaka Angavu yenyewe itamke hadharani, juu ya mlango huo, lile neno la kwanza lililoondolewa." Akatabasamu. "Na siku hiyo, ndugu zangu, hamtaiona."

*

Saumu akapata mchumba. Mbaraka, kijana mpole, mwalimu wa hesabu, macho yake hayabanduki kwa Saumu hata akiulizwa kitu na mtu mwingine. Kila mtu aliridhika isipokuwa shangazi yake Mbaraka, Bi Sijali, mwanamke mfupi mwenye mdomo wa pilipili, na ukoo wote ulimsikiliza yeye.

"Binti sina neno naye," Bi Sijali aliwaambia wenzake. "Namwogopa mama. Yule akizoea kuwa mkwe wetu, siku nyumba ya kijana wetu ikiwaka moto atatuambia ni ubani."

Maneno hayo yalimfikia Bi Zuwena, kama yalivyokusudiwa. Yalimuuma hasa. Akaapa kwamba harusi hii itakwenda sawa toka asubuhi hadi jioni, asipate mtu pa kutia ulimi.

Asubuhi ya harusi yenyewe ikaja lori la Angavu na zawadi ya kampuni kwa msemaji wake mpendwa, imefungwa utepe. Mlango.

Angekataaje? Aliyekuwa akiwasifia wenzake mlango angesema nini? Mafundi wakaung'oa mlango wake wa mninga, wakafunga mpya, kisha wakauziba na ule wa nyuma kwa matofali, kwani nyumba yenye mlango mwerevu haina haja ya wa pili. Madirisha yalikuwa na nondo pande zote, si unajua nyumba za wakubwa. Bi Zuwena akaubana mlango kwa kinu, akawaita wanawake wote na kuwaambia: "Kinu hiki asikiguse mtu. Mmenisikia?"

Walimsikia. Lakini wapo watu ambao ukiwaambia jambo wanajua linawahusu wengine, na mmojawapo alikuwa wifi yake, Mwamtoro, shangazi wa Saumu na ndiye somo aliyemfunda mambo ya ndoa.

Huko kwao ndoa ikishafungwa msikitini, bwana harusi huja na watu wake kumchukua mkewe, na wanawake humfungia mlango. Ndiyo mila. Hafunguliwi mpaka atoe kifungua mlango: marashi, kanga, halua, na maneno matamu juu yake. Sasa Mwamtoro na umri wake ule, katika harusi ya mtoto wa kaka yake, mlango uwe wazi kama wa soko? Aliposikia ngoma zinakaribia, akakibeba kinu mwenyewe, akakiweka pembeni, akausukuma mlango. Ukajifunga taratibu, bila kelele.

"Nani huyo?" akauliza Mwamtoro kwa ndani, sauti ya madaha.

"Bwana harusi!" wakajibu wa nje.

"Hatumjui! Mwenye mkono mtupu arudi alikotoka!"

Vicheko, vigelegele. Marashi yakapitishwa kwenye nondo za dirisha. Ikapitishwa doti ya kanga. Ikapita halua. Mwamtoro akaridhika, akaupigia mlango makofi mawili.

"Haya, fungua."

"Subiri," mlango ukasema. "Namwuliza mwenye nyumba."

Ukauliza. Kwa nje, jicho likamtazama Mbaraka juu hadi chini, likamtazama Bi Zuwena aliyekuwa amesimama barazani kupokea wageni. "Samahani, wageni. Mwenye nyumba hayupo."

Bi Zuwena akakikumbuka kinu. Mwamtoro, kule ndani, naye alielewa, na kwa kuwa hakuwa mjinga bali mkaidi tu, akapata wazo la kununua muda. "Halua gani hii nyembamba!" akapiga kelele dirishani. "Ongezeni!"

Wakaongeza. Ikaingia halua nyingine, ikaingia doti nyingine, udi, sabuni za kunukia, viatu. Wa nje walicheka mwanzoni. Kisha wakawa wanatabasamu. Kisha wakawa wanajifuta jasho. Mbaraka alipoanza kuvua saa yake ya mkononi, Bi Sijali akamshika mkono.

"Basi," akasema. "Hii sasa si mila, huu ni uporaji. Bi Zuwena, unatupa mwali wetu au hutupi?"

"Bibi yangu, tafadhali, ni dakika moja tu..."

"Mlango una nini?"

Bi Zuwena akafungua mdomo, na ile sauti laini ikatoka yenyewe, kwa mazoea ya kazi. "Mlango haujakwama. Mlango unatafakari."

"Mnaona?" Bi Sijali akawageukia watu wake. "Niliwaambia nini?"

*

Wakaitwa zimamoto. Akaja Sajini Ndimbo, jitu la miraba minne, na shoka begani.

"Vunja," akanong'ona Bi Zuwena.

"Mama, shoka ninalo, na hamu ninayo," akajibu Sajini. "Ila ni marufuku kwa raia au kikosi chochote mpaka Angavu yenyewe itamke hadharani. Ni maneno yako hayo, mama. Wanangu wameyakariri. Wewe ndiye mdomo wa Angavu, tamka tu, mimi nausambaratisha sasa hivi."

Hadharani. Bi Zuwena akatazama. Kamera za televisheni zilikuwa zimeshajipanga, maana harusi ya mtu kama yeye ni habari. Mtu akitamka neno lile moja, kazi imekwenda, gari limekwenda, nyumba yenyewe ni ya kampuni. Hakutamka. Akampigia simu Mheshimiwa, akamlilia. Mheshimiwa akakubali kumrusha foleni.

Msafara ukaingia kwa ving'ora. Daktari Shomvi Kitogo akashuka, akapunga mkono, akawahutubia wageni juu ya uhusiano wa teknolojia na ndoa, hotuba ndefu, bwana harusi akaisikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja baada ya mwingine. Kisha akausogelea mlango.

"Karibu nyumbani, mwenye nyumba."

Ukafunguka! Vigelegele! Na hapo, jamani, hapo. Heriyetu hakuna mtu anayempita Mheshimiwa mlangoni. Mbaraka akarudi nyuma kwa heshima. Walinzi wakarudi nyuma kwa heshima. Sajini akapiga saluti. Mheshimiwa akaingia peke yake, kifua mbele, na mlango, kwa heshima, ukajifunga nyuma yake.

Kwa ndani kukatoka yowe ambalo hata mimi siwezi kuliiga. Mwanamume! Chumba kizima cha wanawake wasio na ushungi, bibi harusi na hina mikononi, na mwanamume katikati yao! Wakamtupia kanga kichwani, nyingine na nyingine, akapapasa kama mchezaji aliyefungwa kitambaa machoni hadi akaugusa mlango.

"Fungua!"

"Subiri. Namwuliza mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi!"

"Wote husema hivyo," mlango ukajibu.

Mlango ukatoa jicho lake nje, ukatazama, ukatazama. Uso ule mmoja uliokuwa ukifungua nchi nzima ulikuwa upande usio na jicho, tena chini ya kanga. Mitaa yote ya Heriyetu, watu waliokuwa kwenye zamu ya jioni wakaanza kutazama saa.

"Mwanamume wa kwanza kuingia kwa bibi harusi ni huyo?" Bi Sijali aliuliza, na safari hii hakupaza sauti. "Mbaraka, tunaondoka. Tutamaliza kwa kadhi."

Mbaraka hakujongea, lakini wajomba zake walishamshika mabega.

"Bi Zuwena!" Sauti ya Mheshimiwa ikapita kwenye nondo, imekabwa na vitambaa. "Toa tamko! Tamko zuri!"

Kamera zikamgeukia. Na tamko likaja kichwani mwake, bila kuitwa, kamili, limepambwa: kwamba mlango umeamua kumkutanisha kiongozi na akina mama. Lilikuwa zuri. Ungelisikia ungepoa roho.

Kisha akamwona Saumu dirishani. Wanja umemchuruzika mashavuni, ameshika nondo kwa mikono yenye hina.

"Mama," akasema. "Mimi usinipooze. Leo tu."

Bi Zuwena akalia. Alilia hadharani, kilemba kikamwendea upande, na kati ya kwikwi mbili akasema neno ambalo halikuwa limesikika kwenye televisheni ya Heriyetu kwa miaka.

"Mbovu," akasema. Akapangusa uso, akarudia kwa sauti yake halisi, ambayo kumbe ilikuwa nene. "Mlango huu ni mbovu! Ni mbovu toka ulipotengenezwa. Milango yote ni mibovu. Na birika ni bovu, na mwavuli mbovu, na lile friji nilidanganya. Sajini, piga!"

Sajini Ndimbo alipiga kama mtu aliyesubiri maisha yake yote. Mlango ukalala chini, vipande. Wanawake wakamiminika. Kote nchini zikasikika sauti za shoka, mchi na mawe, nyumba hadi nyumba, kwa kuwa tamko lilikuwa limetoka hewani moja kwa moja.

Saumu akatoka, Mbaraka akampokea, wala hakuona kwamba wanja umechuruzika. Bi Sijali alimsogelea Bi Zuwena, akanyanyua mikono na kumweka kilemba sawa.

"Huyu sasa," akawaambia ukoo, "mimi naye tunaweza kuwa wakwe."

Aliyebaki alikuwa Mheshimiwa. Alisimama kizingitini, kanga begani, mbele yake uwazi mtupu, akisubiri kukaribishwa. Mwamtoro ilibidi amsukume kidogo.

*

Kesho yake Bodi ya Angavu ilikutana kwa dharura katika ukumbi wa juu, wakurugenzi wote na wabunifu wote, Mheshimiwa kwenye kiti cha mbele. Ajenda ilikuwa moja na ilipita bila upinzani: Bi Zuwena Chambuso si Msemaji tena, tamko lake la jana limefutwa, na kuanzia sasa Angavu itasemewa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe na si mtu mwingine. Wakapiga makofi. Wakainuka kwenda kula.

Bi Zuwena alikuwa barazani na wakwe zake, wanamalizia biriani la jana, mlango wake ukiwa ni pazia tu, linapepea. Simu ikaita. Ilikuwa ile Kipepeo yake ya zamani, chaji haijaisha.

"Bi Zuwena." Sauti ya Mheshimiwa ilikuwa ya chini. "Huu mlango wa ukumbi. Ndio ule wa kwanza kabisa."

"Mlango umefanya nini?"

"Jiwe lake limeondolewa, umejifunga, na sisi sote tuko ndani. Sajini yuko nje na shoka lake, anasema anasubiri Angavu itamke hadharani."

"Basi Angavu si imekuwa wewe? Tamka."

Bi Zuwena aliwasikia wakurugenzi wakimsihi kwa nyuma, mmoja akilalamika njaa. "Neno lenyewe ni fupi, Mheshimiwa," akamwambia, na hakuwa anamcheka, alimhurumia kweli, kwani alijua lilivyo zito mdomoni. "Anza na herufi ya kwanza. Mimi niko hapa."

Mheshimiwa akavuta pumzi. Akasema, "Mb..." Akakohoa. Akasema tena, "Mb..." Kisha akashindwa.

"Mlango," akasema taratibu, "unatafakari."

"Haya," Bi Zuwena akajibu. "Msiusumbue." Akaweka simu chini, akamwongezea Bi Sijali biriani.

Sajini Ndimbo, mara ya mwisho watu kumwona, alikuwa ameketi nje ya ukumbi ule juu ya kiti cha mbao, shoka mapajani, anasubiri neno. Chakula wanawapitishia dirishani, kwa kamba.